Nikeli ya Dutwa huishia kwenye seli

Ukitoka Bariadi kwenda Lamadi, mkoani Simiyu, unapita Dutwa. Wasafiri wengi huijua njia hiyo kwa pamba. Ila vilima vya Wamangola na Ngasamo vina udongo wenye nikeli, ambao kampuni ya Uingereza, African Eagle Resources, iliuchoronga na kuupima kwa miaka kadhaa, kisha ikaondoka bila kufungua mgodi. Tangu dunia ianze kuzungumzia magari ya umeme, nikeli hiyo imerudi midomoni mwa watu, na wengi hudhani betri ya gari ni kitu kimoja. Sivyo.

Katika betri hiyo, nikeli huingia hasa kwenye seli. Seli ndiyo betri yenyewe, mahali kemikali zinapotunza chaji, na moja hutoa volti 3 na kitu. Tesla Model S yenye betri ya kilowati-saa 85 ilibeba seli 7,104 za duara, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimegawanywa katika moduli 16.

Moduli ni seli kadhaa zilizofungwa pamoja. Chukua Nissan Leaf ya mwanzo, iliyoingia sokoni mwaka 2010. Leaf ndizo ambazo kampuni ya NopeaRide iliziendesha kama teksi Nairobi. Moduli yake ni bati bapa lenye seli 4 ndani na nguzo 3 za skrubu nje. Nguzo ya katikati humwezesha fundi kupima kila jozi ya seli kwa mita bila kupasua bati. Moduli 48 zikiunganishwa kwa mfuatano, hutoa volti kama 360.

Pakiti ni boksi zima lililo chini ya gari: moduli, nyaya nene, fyuzi, swichi za kukata umeme na kompyuta ndogo inayozichunga seli. Jozi moja ikichoka, huishiwa chaji kabla ya wenzake, kompyuta hukata umeme, na gari husimama huku seli nzima zikiwa bado na chaji. Mwenye gari huambiwa betri imekufa, kumbe huenda ni moduli moja.

Wanaoisubiri nikeli ya Dutwa wajue pia kwamba mwaka 2020 BYD ya China ilitoa seli ndefu, nyembamba kama upanga, zinazopangwa moja kwa moja kwenye pakiti bila moduli. Ni za chuma na fosfati. Nikeli hazina hata chembe. Bei inashuka, lakini kukarabati kunakuwa kugumu.

Kiwanda cha seli hudai mtaji mkubwa na vyumba vikavu kupindukia. Anayekiahidi Simiyu jukwaani leo anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kupima na kubadilisha moduli, hiyo ni kazi ya karakana, na vijana wa Bariadi wanaoiweza mita wataimudu wakifundishwa. Vyuo vya ufundi viianze sasa, na somo la kwanza liwe usalama, maana volti 360 huua.

Nawe unayetaka kununua bajaji au gari la umeme, muulize muuzaji: pakiti inafunguka kwa bolti au imegandishwa kwa gundi? Moduli moja inauzwa peke yake? Asipokuwa na jibu, usimpe hela yako.