Cheti cha Kuzaliwa Kimesogezwa Kliniki: Tushukuru kwa Kukichukua

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kumshukuru Allah (S.W.) hakukamiliki bila kuwashukuru watu. Maji yakikatika au barabara ikiharibika, sote hulalamika, na hiyo ni haki ya raia. Lakini huduma njema nayo ina haki yake ya kutajwa, ili wengine waijue na waifaidi.

Tunayoitaja leo ni usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Zamani mzazi alipewa tangazo la kizazi hospitalini, kisha akakifuata cheti chenyewe ofisi ya wilaya. Mama wa kisiwa cha Rukuba alihitaji kuvuka ziwa na kusafiri hadi Musoma mjini. Haishangazi kuwa Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wenye vyeti, miongoni mwa watoto wa umri huo Tanzania Bara, hawafiki wawili katika kila kumi.

Mwaka 2013 RITA ilianza utaratibu mpya mkoani Mbeya. Cheti kiliandikwa kwa mkono papo hapo, bila ada, katika kituo cha tiba au ofisi ya mtendaji wa kata, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Jambo lilipofaulu halikuachwa Mbeya. Lilipelekwa mkoa baada ya mkoa, na Mara nayo ikafikiwa.

Historia yetu ina mfano wa namna hii. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliweka diwani, daftari la watu na posho zao kutoka Baitul Mali. Wanahistoria wanasimulia kuwa mwanzoni mtoto alipewa posho baada ya kuachishwa kunyonya. Usiku mmoja Umar alimsikia mtoto akilia bila kunyamaza. Alipouliza, mama akajibu kuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Umar alihuzunika mno, akaamuru kila mtoto aandikiwe posho tangu azaliwapo. Kiongozi aliona kuwa utaratibu unamdhuru mtoto, akaubadili utaratibu.

Basi jukumu lililobaki ni letu wazazi. Cheti huhitajika katika kuandikishwa shule, katika bima ya afya, na katika maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Zaidi ya hayo, baba akifariki, cheti ni ushahidi wa nasaba ya yatima katika mirathi. Ikiwa Qur'an, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, imetuamuru kuandika deni, nasaba ya mtoto inastahiki uangalifu mkubwa zaidi.

Kwa misikiti ya Musoma, Bunda na Butiama tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, siku ya saba, jina linapotolewa na akika kuchinjwa, familia ikubaliane juu ya majina matatu na tahajia yake. Mtoto akiwa Ally kwenye kadi ya kliniki, Ali kwenye cheti na Alli shuleni, atasumbuka ukubwani. Pili, ustadhi wa madrasa anapoandikisha mtoto aulizie cheti. Asiye nacho aelekezwe kwa mtendaji wa kata mapema, kabla hajatimiza miaka mitano. Aliyekwisha kuupita umri huo aombe RITA kwa utaratibu wa kawaida. Tatu, tangazo la vyeti litolewe baada ya Sala ya Ijumaa na katika darsa za akina mama, kwani wao ndio waendao kliniki.

Kamati iliyofanikiwa Bunda iwaeleze ndugu zao wa Butiama ilivyofanya, na wa Butiama wawaeleze wa Musoma. Muuguzi na mtendaji wanaoandika vyeti kwa uaminifu nao waambiwe ahsante. Lakini shukurani iliyo kubwa kuliko zote ni kumchukua mtoto, wiki hii, tukaenda kumwandikisha.

Wabillahi tawfiq.