Je, wajua pawatila? Jembe la asubuhi, gari la jioni

Je, wajua kwamba anayelima ekari moja ya mpunga kwa pawatila hutembea karibu kilomita saba? Hesabu yake si ngumu. Ekari ina meta za mraba 4,047, na visu vya pawatila hupata upana wa sentimeta 60 hivi kwa mkupuo mmoja. Gawanya, utapata meta 6,745, na hapo hujahesabu kugeuza kwenye kona wala mzunguko wa pili wa kuvuruga. Mwendeshaji akitoka jarubani mchana hahitaji kuambiwa apumzike.

Lakini mashine yake haipumziki. Kwa watu wa Malinyi, katika bonde la mto Kilombero, si ajabu kuiona jioni hiyohiyo barabarani, imeoshwa tope, imefungiwa tela, na telani wamejaa watu waliopendeza wakielekea arusini. Ndiyo maana kila baada ya mavuno, mpunga ukishageuka fedha, swali huwa ni lile lile: ninunue chombo gani kitakacholima, kibebe magunia, na pia kitutoe nyumbani siku ya sherehe? Trekta, toyo la mizigo, pikipiki, au pawatila?

Kwanza tuitazame ardhi, maana ndiyo inayochagua. Ukitoka Ifakara unavuka mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lililofunguliwa mwaka 2018 na kuwapumzisha watu na adha ya kivuko. Unafika Lupiro, unaiacha njia ya Mahenge, unashika ya Itete na Mtimbira hadi Malinyi, wilaya iliyomegwa kutoka Ulanga. Upande mmoja una milima, upande wa pili bonde pana linalojaa maji ya masika. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata kama uji mzito, jua likiwaka unapasuka nyufa ambamo mguu wa mtoto unaweza kuzama. Chombo chochote utakachonunua kitakutana na hali hizo mbili ndani ya mwaka mmoja.

Sasa tuifungue mashine yenyewe. Pawatila ni trekta la magurudumu mawili lisilo na usukani. Injini yake ni ya dizeli, yenye silinda moja iliyolazwa, na nyingi zina nguvu za farasi 12 hadi 16. Ni ndugu wa injini unayoisikia ikinguruma kwenye mashine za kukoboa mpunga. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, dizeli hulipuka ndani ya silinda mara 1,000, yaani karibu mara 17 kila sekunde. Ule mlio wa tu-tu-tu unaosikika ng'ambo ya mbuga ni milipuko hiyo. Gurudumu zito la pembeni hutunza mwendo kati ya mlipuko na mlipuko, mikanda huupeleka kwenye klachi, na klachi huupeleka kwenye gia. Nyingi huwashwa kwa hendeli: unaachia kwanza mgandamizo wa silinda, unazungusha hadi gurudumu lipate kasi, kisha unaurudisha mgandamizo na injini inashika.

Je, wajua kwamba visu vya pawatila havikokotwi kama plau? Vinazunguka kwa nguvu ya injini, vinakata udongo na kuutupa nyuma, na kwa kufanya hivyo vinaisukuma mashine mbele. Kwenye tope hiyo ni faida kubwa, kwa sababu hata magurudumu yakiteleza, visu vinasaidia kusonga. Kwenye udongo mkavu ni balaa. Visu vikishindwa kuingia vinageuka kuwa magurudumu, mashine inaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba, na mikono ya mwendeshaji inabaki ikitetemeka hadi usiku.

Wazo hili lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1912, huko Gilgandra nchini Australia, kijana Arthur Clifford Howard alianza kujaribu visu vinavyozungushwa na injini baada ya kuona plau ikigandamiza ardhi. Miaka hiyohiyo, mhandisi wa Uswisi, Konrad von Meyenburg, alikuwa akifuata wazo la aina hiyo. Waliolishusha hadi kwenye jaruba dogo la mpunga ni Wajapani. Kampuni ya Kubota ilitengeneza mashine yake ya kutifua ardhi mwaka 1947. Kutoka hapo ikasambaa Asia. Thailand waliiita nyati wa chuma, kwa kuwa ilichukua nafasi ya nyati aliyevuta plau majini, na huko pia ilifungiwa tela ikawa gari la familia. Bangladesh leo sehemu kubwa ya mashamba inalimwa kwa mashine za namna hii.

Tanzania ilizifahamu zaidi baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pale halmashauri zilipozigawa kwa vikundi vya wakulima katika mikoa mingi. Zikapata sifa mbaya sehemu nyingi: zinachoka, zinavunjika, hazilimi. Sehemu kubwa ya lawama hizo ilitokana na kuzipeleka kwenye ardhi kavu na ngumu, mashine zilizozaliwa majini. Mfinyanzi wa Kilombero, ukishalowa, ndio nyumbani kwake. Trekta la tani mbili na ushei likizama katikati ya mbuga, huenda utatafuta trekta la pili kulitoa. Pawatila haifiki nusu ya uzito huo. Ikikwama, wanaume wachache na gogo moja wanaitoa. Na kwa tope zito hubadilishwa viatu: matairi ya mpira yanatolewa, yanafungwa magurudumu ya chuma yenye mabapa yanayolishika tope.

Wengine shindanoni je? Trekta kubwa linashinda kwa kasi na kwa ardhi kavu, lakini bei yake inataka mashamba mengi ya kulimia watu ili lijilipe. Pikipiki inakufikisha popote, hata kwenye njia ya ng'ombe, ila haigusi udongo. Toyo la magurudumu matatu ni zuri kwa magunia na ni jepesi barabarani. Mvua za Machi zikichanganya, gurudumu lake la mbele linaanza kuchimba badala ya kuongoza, na shambani halina kazi. Pawatila ni ya polepole kuliko pikipiki na toyo. Ikiwa na tela mwendo wake ni kama wa baiskeli inayokanyagwa kwa haraka, lakini inafika na gunia kumi za kilo mia mia.

Siri yake nyingine ni kwamba injini ile haijali kinachofungwa nyuma yake. Mkanda ukihamishwa, inazungusha pampu ya maji, mashine ya kupura, hata jenereta. Jenereta hiyo inaweza kuwasha taa za arusi na spika za ngoma usiku kucha, au televisheni ya kibanda umiza siku Simba na Yanga wanapokutana. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama pawatila ni ya kazi au ya starehe anauliza swali ambalo mashine yenyewe haina. Inategemea umefunga nini.

Hapa ndipo penye tahadhari, na je, wajua kwamba pawatila nyingi zikiteremka hugeuka kinyume? Kwenye vishikio kuna klachi mbili ndogo, moja kwa kila gurudumu. Kwenye tambarare, ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, na mashine inakata kushoto. Mteremkoni mambo yanapinduka. Mzigo unaisukuma mashine, na injini badala ya kuvuta inakuwa breki. Ukibana klachi ya kushoto sasa, umelifungua gurudumu la kushoto kutoka kwenye breki hiyo. Linakimbia mbele, la kulia linabaki limeshikwa, na mashine inakata kulia. Mwendeshaji akishtuka na kubana zaidi, anajipeleka mwenyewe mtaroni.

Bonde la Malinyi ni tambarare, na ndiyo hatari yake. Mtu anaweza kulima misimu mitatu asikutane na mteremko wa maana, kisha siku ya arusi, na watu kumi na watano telani, akashuka tuta la barabara au ukingo wa mto Furua akiwa na mazoea ya jarubani. Mafundi na waendeshaji wazoefu wana kanuni: mteremkoni weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, klachi za vishikio usiziguse, geuza kwa nguvu ya mikono, na mguu uwe kwenye breki ya tela. Na ukweli usemwe, tela liliundwa kubeba magunia. Anayepakia watu ajue gunia likianguka linapasuka tu.

Basi mwenye fedha ya mpunga mkononi afanye hivi. Kama shamba lako lina maji, au udongo wake hulainika kwa mvua, pawatila inakufaa. Kama unalima vilima vikavu, kodi trekta na ununue pikipiki. Chunguza spea kabla ya rangi: mikanda, visu, chujio na bushi za aina hiyo zinapatikana Ifakara, au utasubiri basi la Dar es Salaam huku mvua ikipita? Mtafute fundi aliyekwisha kuifungua. Angalia chombo cha maji ya kupozea injini. Ukinunua iliyotumika ukakuta kimejaa matope, jua mwenye nayo alikuwa akichota maji ya jarubani.

Mwisho, usiijaribu uani pa muuzaji. Ipeleke kwenye tuta la barabara, tela likiwa tupu, uteremke nayo mara tatu polepole. Ukishuka salama mara zote tatu ukijua kwa nini, lipia.