Sura ya Nne: Gunia Moja, Sentimita Tatu

Kila nikialikwa kuzungumza na wazazi wilayani Kyela, swali ni lilelile, na kwa kawaida hutoka kwa mzee aliyekaa nyuma: "Mwalimu, bibi yangu hakuingia darasani, na hakuna mlanguzi wa mpunga aliyewahi kumpunja. Hiyo aljebra ya nini?"

Bibi huyo apewe heshima yake. Hesabu alizijua. Kosa ni kudhani kuwa alichokijua kinatosha hata kwa mambo ambayo hakuyapitia. Uzoefu humfundisha mtu yale yaliyokwisha kumpata. Hisabati humwonyesha yatakayompata, kabla hayajampata. Wengine huniambia hesabu ni za wenye vichwa, ndiyo maana somo hili hushika mkia katika mtihani wa kidato cha nne. Hao nawauliza kama Kiswahili nacho walizaliwa wakikizungumza. Na kuna wanaosema simu ina kikokotoo. Kweli inacho, nacho hujibu ulichokiuliza tu. Asiyejua auzidishe upana na nini, kikokotoo kitamsaidia kukosea haraka.

Nilikusudia sura hii iwe na sehemu tatu: vipimo, riba na bahati. Tuanze na vipimo, maana Kyela ni nchi ya mchele na kakao. Debe hupima ujazo, mzani hupima uzito, na mwenye kuchanganya hivyo viwili ndiye anayeliwa. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Rumbesa ile yenye kilemba juu humpa mnunuzi kilo ambazo mkulima halipwi. Hilo linajulikana, sitalirefusha.

Ila gunia hilo halibaki ghalani. Hupakiwa mtumbwini, na hapo ndipo ninapokutana na upuuzi unaoniudhi kuliko wote. Mtumbwi ukizama, utasikia ziwa limekasirika, au fulani alipanda akiwa na ugomvi, au hirizi ya nahodha ilikuwa imechuja. Ziwa Nyasa halijui ugomvi wa mtu. Linajua uzito, upana na kimo cha ukingo.

Chukua mtumbwi wa mita 6 kwa sentimita 60. Ungekuwa na umbo la sanduku, ungefunika mita za mraba 3.6 za maji. Kwa kuwa umechongoka huku na huku, tuseme 3. Ukididimia sentimita 1, unasukuma maji lita 30, na lita 30 za maji baridi ni kilo 30. Basi kila kilo 30 unazopakia zinaushusha sentimita 1. Gunia la kilo 100 linaushusha sentimita 3 na kitu. Ikiwa mmekwisha kupanda na ukingo uko sentimita 18 juu ya maji, magunia matatu yanakuachia sentimita 8. Matano yanakuachia moja na kitu, nalo ni wimbi la bata. Rumbesa ya kilo 130 inakuibia sentimita nyingine kwa kila gunia, na hapo wala si mkulima peke yake anayepunjwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayobeba meli. Pale bandari ya Itungi zilijengwa meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya kubeba tani 1,000, na wapo waliouliza chuma kingi vile kinaeleaje bila dawa. Kinaelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake. Meli inayofunika mita za mraba 600 hushuka sentimita 1 kwa kila tani 6. Sasa fikiria mchanga ambao mito huushusha hadi Itungi. Kina kikipungua sentimita 30, meli kama hiyo inaacha tani 180 gatini, hata kama bei ya saruji ng'ambo ni nzuri namna gani.

Bado kuna kupinduka, na hapa naomba subira, maana ndiyo fani yangu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Chungu ni kikubwa kuliko uzito wake. Mtumbwi uliosheheni vyungu unaweza kuwa na ukingo wa kuridhisha kabisa, na bado ukayumba vibaya, kwa sababu mzigo umepanda juu. Kinachouzuia usilale ni upana. Ukiinama, upande mmoja huzama na mwingine huinuka, nayo maji huusukuma juu ule uliozama. Mtumbwi ukiwa mpana zaidi, sehemu iliyozama ni ndefu zaidi kwenda pembeni, tena imezama zaidi kwenda chini, tena maji yanasukuma kutoka mbali zaidi na katikati. Upana umeingia mara tatu, kwa hiyo unazidishwa kwa wenyewe mara tatu. Toa sentimita 60, weka 75: umeongeza robo tu. Lakini 1.25 × 1.25 × 1.25 ni 1.95. Kwa mzigo uleule, nguvu ya kujiinua imekaribia kuwa maradufu! Mfaransa Pierre Bouguer alilichapisha jambo hili mwaka 1746. Mchongaji stadi analijua kwa mkono; hesabu humwambia ni kiasi gani, kabla hajakata mti.

Wanaosema ajali ni bahati mbaya waitazame MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa na nafasi ya abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Nafasi imekwisha, na riba na bahati zinangoja. Kwa ufupi basi. Ukichukua mkopo wa kausha damu wa shilingi 100,000 na kurudisha 4,000 kila siku kwa siku 30, utaambiwa riba ni asilimia 20. Si kweli, kwa sababu fedha hiyo hukukaa nayo mwezi mzima. Ulianza kuirudisha kesho yake. Kwa wastani ulikuwa na kama nusu tu, kwa hiyo riba inakaribia asilimia 40 kwa mwezi. Na mkeka wa kubeti wa mechi 10, hata kama kila mechi una nafasi 6 kati ya 10 ya kupatia, unatiki mara 6 katika 1,000. Mganga anayekuuzia dawa ya mkeka anaijua hesabu hiyo kuliko wewe, ndiyo maana yeye habeti.

Tumalizie majini. Uingereza, baada ya kampeni ndefu ya mbunge Samuel Plimsoll, ilipitisha mwaka 1876 sheria ya kuchora mstari wa mzigo ubavuni mwa meli. Mtumbwi wako hauhitaji bunge. Upakie magunia uliyoyapima, maji yakiwa shwari ufukweni, pima ukingo, amua sentimita usizokubali kuzipoteza upepo wa kusini unapovuma, kisha chora mstari kwa rangi nyekundu. Nawe abiria, kabla ya kumpa mtoto mkono apande, uliza mstari uko wapi. Ukiwa umezama, subiri mtumbwi mwingine.