Kikombe Kilichokosa Mwenyewe

Wapenzi wa mpira wa miguu wanaijua desturi hii: timu mbili zikiagana kucheza, na moja isifike kiwanjani, ile iliyofika hupewa ushindi. Kanuni hiyo ni ya haki, kwa maana bila hiyo kila timu yenye hofu ingebaki nyumbani na kutoa udhuru wa ugonjwa. Lakini je, ikiwa wachezaji ni wagonjwa kweli kweli? Jambo hili lilitokea Marekani katika mwaka 1919, katika mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho, nao ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Mchezo huu asili yake ni Canada, nchi ambayo wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, wakateleza kwa mbio sana. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kipande bapa cha mpira mgumu, mfano wa kisahani. Ni ruhusa kumsukuma mwenzio kwa bega, tena kwa nguvu, na mtu kutoka damu si ajabu. Walakini timu mbili zikisha kushindana mara nyingi kwa ajili ya kikombe, na moja ikashindwa kabisa, wachezaji wote hupanga mistari miwili juu ya barafu na kupeana mikono, mtu na mtu, hata yule aliyekuangusha jioni ile ile. Desturi hii ingaliko hata leo.

Kikombe chenyewe kilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Canada. Mwaka 1919 mabingwa wa upande wa mashariki, Canadiens wa mji wa Montreal, walisafiri kwa gari la moshi kuvuka bara zima mpaka Seattle, mji wa Marekani ulio upande wa Bahari ya Pasifiki. Wenyeji, Metropolitans, walikuwa wamekwisha kukitwaa kikombe mwaka 1917, nao ndio wa kwanza kukipata miongoni mwa timu za Marekani. Kanuni zao zilihitilafiana: huko mashariki walicheza watu sita kila upande, magharibi saba. Basi wakakubaliana kutumia kanuni hizi leo, na zile mchezo unaofuata.

Mshindi alikuwa ni yule atakayetangulia kushinda mara tatu. Mchezo wa kwanza Seattle walishinda 7 kwa 0. Wa pili Montreal 4 kwa 2. Wa tatu Seattle tena, 7 kwa 2. Wa nne hapana aliyefunga hata bao moja, ingawa waliongezewa muda. Katika mchezo wa tano, tarehe 29 Machi, Montreal walikuwa nyuma kwa mabao matatu, wakasawazisha, kisha wakashinda 4 kwa 3. Hivyo kila timu ilikuwa na ushindi mara mbili, na mchezo wa kukata shauri ukawekwa tarehe 1 Aprili.

Siku zile ile homa kali ya mafua iliyoua watu wengi duniani, na hapa kwetu Afrika ya Mashariki pia mwishoni mwa mwaka 1918, ilikuwa haijakwisha. Wachezaji watano wa Montreal walilazwa, na meneja wao, Bwana George Kennedy, pamoja nao. Kennedy aliomba kuazima wachezaji wa timu ya Victoria, akakataliwa. Ndipo akasema Seattle wakichukue kikombe.

Bwana Pete Muldoon, mkuu wa timu ya Seattle, alikataa. Hakutaka kikombe kilichopatikana kwa sababu wenzao wamelala kitandani. Na tusidhani kuwa lilikuwa jambo rahisi. Watu wake walikuwa wachezaji wa kulipwa, waliochoka kwa michezo mitano mizito. Mji wao uliungoja ushindi. Na kanuni ilikuwa upande wao. Hapana mtu ambaye angeweza kuwalaumu.

Tarehe 5 Aprili mmoja wa wagonjwa, Joe Hall, alifariki dunia huko huko Seattle kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa mzaliwa wa Uingereza, mwenye miaka 37, na wachezaji wa timu nyingine walimjua sana kwa ukali wake uwanjani. Kennedy naye hakupona sawasawa, akafa mwaka 1921.

Seattle walirudi kushindania kikombe mwaka 1920, wakashindwa na Ottawa. Na mwaka 1924 timu ikavunjika bila kukipata tena. Kikombe kilipotengenezwa upya mwaka 1948, penye mwaka 1919 yalichorwa majina ya timu zote mbili, Montreal na Seattle, na chini yake maneno ya kwamba mashindano hayakumalizika.