Mionzi Imekwisha, Taya Linaanza Kukaza

Mgonjwa wa saratani ya kinywa akimaliza mionzi, nyumbani huhesabiwa kuwa amepona. Kumbe nyama za taya na shingo zilizopigwa mionzi huendelea kukakamaa kwa miezi, hata miaka, na mtu aliyetoka hospitali akila wali anaweza kufika mwaka wa pili akinywa uji kwa mrija. Wataalamu husema taya limekaza pale mdomo unaposhindwa kufunguka zaidi ya milimita 35. Kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini.

Kwa watu wa Ras Kamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya, na wa visiwa vya Wabajuni hadi Kismayo, jambo hili lina uzito wake. Tambuu ni ya jadi katika pwani yote ya Waswahili. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha hitimisho kuwa popoo, ambayo ndiyo kiini cha tambuu, inasababisha saratani, iwe na tumbaku au bila tumbaku. Tena popoo huweza kukaza mashavu kabla saratani haijaingia, kwa hiyo mtafunaji wa miaka mingi anaweza kuanza tiba na mdomo uliokwisha kusinyaa.

Hospitali kama Kenyatta ya Nairobi na Ocean Road ya Dar es Salaam ziko mbali mno na mvuvi wa kisiwa cha Chula. Desemba 2024 majeshi ya jimbo la Jubaland na ya serikali ya shirikisho ya Somalia yalipigana Ras Kamboni kwenyewe. Nani atasafiri kila wiki kwenda kufanyishwa mazoezi ya taya?

Hapo ndipo simu inapoingia. Programu za akili mnemba hutambua mamia ya nukta usoni kupitia kamera, na kufuata midomo inavyoachana. Hata umbali hukadiriwa kwa jicho lenyewe: mboni pamoja na duara lake la rangi ina upana wa takriban milimita 11.7 kwa karibu kila mtu, na simu hulitumia hilo kama rula. Inaweza kuhesabu mizunguko ya zoezi, kuonya bega likipandishwa vibaya, na kumtumia tabibu wa viungo kumbukumbu za wiki nzima.

Je, faida yake hudumu? Mazoezi yenyewe, angalau ya bega, yana ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Alberta, Kanada, waliwafuata watu 52 waliotibiwa saratani za kichwa na shingo. Waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 12 walipungukiwa na maumivu ya bega kuliko wenzao. Lakini tafiti nyingi za programu za simu hupima wiki au miezi michache, na taya hukaza kwa miaka. Anayeahidi matokeo ya miaka mitano leo anauza maneno. Nguvu ya simu ni kumkumbusha mgonjwa mwezi wa nane, wakati hamu imekwisha na hakuna anayemuuliza.

Kuna la kuogopa pia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kuwa mifumo ya kutambua jinsia kwa uso ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Sasa fikiria uso mweusi uliokatwa nusu ya taya. Programu iliyofunzwa kwa nyuso nzima itapima nini? Na mwanamke anayejisitiri hatafunua kinywa mbele ya kamera bila kujua picha inakwenda wapi. Hesabu yote ifanyike ndani ya simu yake, bila intaneti, kwa Kibajuni, Kiswahili au Kisomali.

Ninyi mnaowahudumia wagonjwa hawa, msingoje programu. Pimeni mdomo kabla ya mionzi, andikeni milimita kwenye kadi, mfundisheni mgonjwa na nduguye zoezi kabla hawajapanda gari la kurudi. Nawe uliye nyumbani, vidole vitatu vikianza kukataa kupita, usilazimishe taya kwa nguvu, kwani mfupa uliopigwa mionzi ni dhaifu. Mpigie tabibu wako siku hiyo hiyo.