Sheria Nayo Ina Tarehe Yake

Ipo dhana iliyokita mizizi huku kwetu kaskazini kwamba sheria hukaa Nairobi, na kwamba anayetaka kuijua hana budi kupanda basi au kumlipa wakili. Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Mwalimu wa Lopur, wadi iliyo jirani na Kakuma katika Turkana Magharibi, alipotaka kujua mahakama imesema nini kuhusu ardhi ya malisho, alihitaji vitabu vya hukumu zilizopigwa chapa, na vitabu hivyo havikuwa kitu cha kukutwa katika kabati la shule.

Leo mambo yamegeuka. Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ambalo wengi hulijua kwa jina la Kenya Law, huweka katika tovuti yake maandishi ya sheria, hukumu za mahakama na Gazeti Rasmi la Serikali, na msomaji hatozwi senti. Penye mtandao wa simu, hata chini ya mti, pana maktaba ya sheria. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba wingi huo umetuletea maradhi mapya. Watu husoma kijipande, wakafurahi, wakaondoka.

Chukua mfano unaotuhusu. Mwezi Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini wahamie katika kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo cha Sheria na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi Julai 2013 agizo hilo likabatilishwa. Mwanafunzi akitafuta katika intaneti ataikuta hukumu hiyo mapema, kwani ni mashuhuri. Akiishia hapo atawatangazia wenzake kwamba mkimbizi hawezi kuamriwa kukaa Kakuma. Kumbe mwezi Machi 2014 lilitoka agizo jingine, na mwezi Juni mwaka huo Mahakama Kuu ile ile ikakataa kulibatilisha. Tena mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani ya serikali dhidi ya hukumu ya 2013. Juu ya hayo yote, Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyokuwa ikitumika wakati kesi hizo zilipoanza, imekwisha kufutwa na ile ya 2021, ambayo ilianza kutumika Februari 2022. Hebu fikiri, msomaji, ni majibu mangapi tofauti yangeweza kutolewa darasani kwa swali moja, na kila mtoa jibu akaonyesha karatasi halisi ya mahakama!

Wapo vijana wanaodhani kwamba, kwa kuwa intaneti ipo, kitabu kimekwisha kazi. Siafikiani nao kamwe. Intaneti humjibu aliyeuliza, lakini haimfundishi swali. Kitabu cha sheria ya ardhi ndicho kitakachomweleza mwanafunzi kwamba Katiba ya 2010 imegawa ardhi katika mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya kibinafsi, na kwamba kesi za ardhi zina mahakama yake maalumu. Asiyejua hayo ataandika maneno kumi katika tovuti na kuletewa hukumu elfu asizojua la kuzifanyia.

Ila kitabu nacho kina tarehe yake, na hapa ndipo penye hatari kwa mfugaji. Kitabu kilichopigwa chapa kabla ya 2016 kitamwambia kwamba malisho yake yanatawaliwa na Sheria ya Ardhi za Dhamana. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2016 na Sheria ya Ardhi ya Jamii. Kifungu cha 6 cha sheria hii mpya kinasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na kwamba kaunti haina ruhusa kuiuza. Hata fidia ikilipwa kwa ardhi hiyo kutwaliwa, fedha hizo hushikwa kwa dhamana ya wenyewe. Mzee anayeingia katika mkutano na kifungu hicho mkononi hasikilizwi sawa na aliyeingia na kitabu cha sheria iliyokufa.

Kuna na maradhi mengine, machanga zaidi: programu za kompyuta zinazotunga majibu. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000, kwa kuwa waliwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Kesi hizo hazikupata kuwepo duniani. Ikiwa mawakili wamenaswa, mwanafunzi wa kidato cha nne atapona vipi asipoifungua hukumu yenyewe?

Nami nasisitiza hukumu yenyewe, si habari zake. Mwaka 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kesi ya shirika la Friends of Lake Turkana, lililohofia bwawa la Gibe III katika Mto Omo, mto unaolipa ziwa letu takriban asilimia 90 ya maji yake. Atakayekwambia kwamba mahakama ililizuia bwawa, hakuisoma. Bwawa liko Ethiopia, na lilizinduliwa Desemba 2016. Ilichoamriwa serikali ya Kenya ni kutoa wazi habari zote kuhusu ununuzi wa umeme kutoka Ethiopia, na nguzo mojawapo ya kesi ilikuwa kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari.

Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo karibu zote za mahakama za juu. Wazee wa Lopur hawataisoma. Mwalimu mwenye simu anaweza kuipakua siku mtandao ukiwa mzuri, akaichapisha Lodwar, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, kisha akawapa wanafunzi zile amri za mwisho wazifasiri, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiturkana.