Kizingiti na Sauti za Marejeo katika Utambuzi wa Mzungumzaji kwa Kompyuta

Mfumo wa kompyuta wa kumtambua mzungumzaji haujui sauti ni ya nani. Hulinganisha rekodi mbili na kutoa alama ya ufanano. Kukubali au kukataa hutegemea kizingiti kilichowekwa na binadamu. Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili, kumkubali mgeni na kumkataa mwenyewe, na kila kizingiti kinaposogezwa ili kupunguza kosa moja, lingine huongezeka.

Watafiti huripoti zaidi kiwango ambapo makosa hayo hulingana. Kipimo hicho hufaa kushindanisha mifumo, lakini humpotosha mtunga sera. Uchukuliwe mfumo unaomkubali mgeni mmoja katika kila 100. Kwa mteja wa benki ambaye pia ana namba ya siri, hatari ni ndogo. Polisi wakilinganisha rekodi ya mshukiwa na hifadhi ya sauti 10,000, mfumo uleule utawataja watu wapatao 100 wasiohusika, na yeyote kati yao aweza kujikuta kizimbani.

Zaidi ya hayo, kizingiti kilichofaa mahali pamoja hakifai kila mahali. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya /s/ hupotea. Lugha nayo huathiri alama: tathmini ya taasisi ya NIST ya Marekani ya mwaka 2016 ilitumia Kitagalogi na Kikantoni, ilhali data kubwa ya mafunzo ilikuwa ya Kiingereza. Afrika Mashariki hali ni tata zaidi, kwani mtu husajili sauti kwa Kiswahili sanifu ofisini, kisha hupiga simu akiwa ndani ya daladala, ana mafua, na anachanganya Kiswahili na Kisukuma.

Tiba yenye tija si lazima iwe modeli kubwa zaidi. Alama isawazishwe kwa kundi la sauti za marejeo zilizorekodiwa katika lugha na simu za watumiaji wenyewe, na usajili ufanywe kwa rekodi za siku kadhaa. Mahakamani itolewe kama uwiano wa uwezekano, si kama jibu la ndiyo au hapana. Sauti ya kughushi, inayoshughulikiwa na mashindano ya ASVspoof tangu 2015, huhitaji kigunduzi chake. Kabla ya kununua mfumo, serikali idai viwango vya makosa yote mawili, vilivyopimwa kwa sauti za wananchi watakaoutumia.